Mpinzani anayegonga sakafu na kudai ni mguu: nimfanyeje?

BintiWaBombo

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba msinicheke kabla sijamaliza.

Mimi nacheza fensingi, ule mchezo wa vitara, upande wa epe, mojawapo ya panga za mchezo huo. Ndiyo, upo hapa Uganda. Tuko wachache, tunajuana karibu wote, na hapo ndipo shida yangu ilipo: mtu akikufanyia ubaya leo, mwezi ujao ni yeye tena mbele yako.

Kwa wasioujua, kwenye epe unalenga mwili wote, kuanzia barakoa hadi kidole cha mguu. Ncha ya upanga ina kitufe chenye springi, ikibonyea taa inawaka. Mkigusana kwa pamoja taa zote mbili zinawaka na kila mmoja anapata pointi. Mashine haijui kilichoguswa ni nini. Inajua tu kwamba kitufe kimebonyea.

Sasa kuna binti mmoja wa klabu nyingine. Jina silitaji, mimi namwita Sakafu. Ukumbi tunaochezea ni wa saruji tupu, hatuna pisti ya chuma, ile njia ndefu ya kuchezea wanayotandika wenzetu wa nchi zenye pesa. Sakafu amegundua kwamba akigonga saruji karibu na kiatu changu taa yake inawaka vilevile. Anashuka, anadonoa chini kama kuku, taa inawaka, halafu anapiga ukelele na kumgeukia refa ngumi juu. Refa naye amesimama pembeni, anaangalia mikono yetu, atajua saa ngapi? Anatoa pointi. Pambano la mwisho alinishinda 15 kwa 13, na kati ya hizo 15 ninazo tatu ambazo naweza kuapa kwa msahafu hazikunigusa.

Na si hilo tu. Akichoka, kamba ya kiatu inafunguka. Nikimpata mara mbili mfululizo, waya wake "umekatika", anauchomoa, anaupuliza, anauchomeka, pumzi imerudi. Tukicheza kavu mazoezini, bila mashine, ambapo desturi ni aliyeguswa aseme mwenyewe "nimeguswa", yeye hajawahi kuguswa tangu azaliwe. Nilimpiga kifuani upanga ukapinda hadi kocha wake akashika kichwa. Ananitazama tu: "Nini?"

Maswali yangu:

Nifanyeje kuhusu hiyo sakafu? Na je, nami nigonge? Nina shabaha nzuri ya mguu kuliko yeye, na wenzangu klabuni wananiambia dawa ya moto ni moto. Halafu mwisho wa pambano lazima nimpe mkono? Maana mara ya mwisho nilimpa na usiku kucha nikahisi mkono wangu si wangu.

Nina miaka 18, nimemaliza S6 (kidato cha sita), nasaidia duka la spea la mjomba hapa Bombo, na nauli ya kwenda Kampala mazoezini najilipia. Msiniambie "achana naye utafute mchezo mwingine".

Kawempe_Original

Mkanyage huo mguu wake yaishe.

FundiKatwe

Kawempe, wewe nenda kalale.

Binti, mimi si mchezaji, mimi ni fundi wa umeme, ila niliwahi kuletewa mashine yenu moja ya taa niitengeneze, kwa hiyo najua kilichomo ndani. Tatizo lako la kwanza si huyo msichana. Ni waya mmoja ambao haujafungwa.

Upanga wa epe una nyaya mbili zinazopita kwenye mfereji wa chuma cha upanga hadi kwenye ncha. Ncha ikibonyea, nyaya hizo zinakutana, taa inawaka. Lakini plagi yenu ina pini tatu. Ile ya tatu imefungwa kwenye kile kikombe cha chuma kinachokinga mkono. Kazi yake ni hii: mwenzako akigonga kikombe chako, mashine inaona ncha imegusa "ardhi" (ile earth ya umeme) na inakataa kuwasha. Umewahi kujiuliza kwa nini ukigonga kikombe hupati pointi? Ni pini hiyo.

Pisti ya chuma ni jambo lilelile, imefungwa kwenye ardhi ya mashine. Ncha ikigonga chini, mashine inanyamaza. Kwenye saruji hakuna ardhi, kwa hiyo saruji na kiatu chako kwa mashine ni kitu kimoja.

Usilie kwamba ni kitu cha pesa nyingi za ng'ambo. Pisti ni chuma bapa kinachopitisha umeme, basi. Hapa Katwe shiti bapa za mabati za futi 8 kwa 4 zipo kila kona. Pisti yenu ina urefu wa mita 14, sivyo? Shiti sita zikipangwa kwa urefu zinakupa mita 14 na nusu na ushei. Upana utakuwa mita 1.2 hivi, na kanuni zenu nadhani zinataka mita 1.5, lakini kwa mazoezi na mashindano yenu madogo nani atakufunga? Unaziunganisha kwa chini na vipande vya shaba, unavuta waya mmoja hadi kwenye tundu la ardhi la mashine.

Angalizo mbili. Usinunue zilizopakwa rangi, rangi haipitishi umeme. Na usinunue zile nyembamba za bei ya kutupa, zitajikunja kingo na mtu atavunjika mguu, halafu mtaacha kubishana kuhusu mguu uliguswa au la.

MamaRefa_Jinja

Mwanangu BintiWaBombo, salamu. Nimechezesha mapambano ya namna hiyo, na nakwambia ukweli kutoka upande wa refa: wakati mwingine hatuoni. Mtu akishuka kwa kasi kwenye kiatu cheusi juu ya saruji ya kijivu, jicho linaona mkono unakwenda chini, sikio linasikia "tik", taa inawaka. Refa asiye na uzoefu anaamini taa.

Kwa hiyo msaidie refa KABLA ya pambano, si baada ya pointi. Ukilalamika baada ya pointi unapoteza muda, maana alichokiona au asichokiona refa hakina rufaa. Rufaa ipo pale tu refa anapoitumia kanuni vibaya. "Ulikuwa mguu" au "haukuwa mguu" ni jambo la macho yake. Limeisha.

Fanya hivi. Mkiitwa, kabla hamjavaa barakoa, mwendee refa kwa adabu na useme: "Afande" (kama ni askari, wengi wenu huko mnachezeshwa na maafande) "pisti hii haina chuma, naomba tupate waamuzi wawili wa kuangalia sakafu." Mmoja kila upande. Anaweza kuwa mchezaji yeyote aliyemaliza pambano lake. Ni ombi la kawaida, halimtaji mtu, wala halimtuhumu mtu. Na mpinzani wako atalisikia. Nakuhakikishia mkono wake utapanda juu kidogo siku hiyo.

La pili, vipimo. Refa anatakiwa kupima upanga wa kila mmoja wenu pale pistini kwa uzito wa gramu 750. Ukiuweka juu ya ncha, springi lazima iusukume uzito urudi juu. Springi ikiwa legevu, ncha inawaka kwa kupapaswa tu. Huku kwetu wengi wanaruka hatua hiyo kwa sababu foleni ni ndefu na jua linazama. Omba ifanyike kwa wote wawili. Ukiomba apimwe yeye peke yake, umeshaanzisha ugomvi.

Kamba za viatu na waya: kusimamisha pambano bila sababu ya haki ni kosa. Mara ya kwanza kadi ya njano, akirudia ni nyekundu, na nyekundu ni pointi kwako. Refa akizembea, mwambie kocha wako aulize kwa sauti ya chini, "Refa, waya umepimwa?" Maana waya uliokatika kweli unaonekana ukipimwa. Uliopona kwa kupulizwa haukuwa umekatika.

Suala la mkono nitalirudia, nina chapati jikoni.

BintiWaBombo

Asante sana Mama, asante Fundi. Hilo la pini ya tatu hata kocha hakuwahi kutueleza hivyo.

Lakini hamjanijibu la kugonga. Nisiwafiche, nalifikiria sana. Nikimgonga sakafu mara mbili tatu ataelewa uchungu wake. Na refa hataona, si ndivyo mlivyosema?

Mlinzi_wa_Busia

Nimesoma yote. Mimi nilijifunza epe Nairobi miaka ile nikifanya kazi huko, sasa niko Busia upande wetu wa Uganda, na ninakuomba uache kidogo hasira uangalie jiometri.

Mkono ukinyooka sawa na bega ndipo unafika mbali kuliko popote. Ukiushusha kwenda mguuni unapoteza urefu, hakuna ujanja hapo. Kwa hiyo kila Sakafu anaposhuka, kwa sekunde hiyo wewe una mkono mrefu kuliko yeye, hata kama amekuzidi kimo. Na kifundo chake cha mkono, bega lake, sehemu ya juu ya barakoa yake, vyote viko wazi kabisa kwa sababu kikombe kimeshuka chini.

Jibu lake ni la zamani: unanyoosha mkono juu yake na wakati huohuo unavuta mguu wa mbele nyuma hadi uungane na ule mwingine. Usirudi kwa kuruka. Vuta tu.

Angalia kinachotokea. Kwanza, mashine ya epe ikishapokea mguso mmoja inasubiri milisekunde 40 hadi 50 tu, kisha inafunga mlango. Ukimfikia kifundoni mapema kidogo tu kuliko yeye anavyoifikia saruji, taa yake haiwaki KABISA, agonge mpaka ukumbi utoboke. Pili, hata zikiwaka zote mbili, mguu wako haupo pale. Upanga wake uko chini na kiatu chako kiko nusu mita nyuma. Refa wa Mama Jinja hahitaji kubahatisha tena, na pointi inabaki kwako peke yako.

Wewe unamwita tapeli. Mimi naona mchezaji mwenye shambulio moja tu analolipenda, na ameshakwambia ni lipi. Watu wanalipa pesa kutafuta video za wapinzani wao wapate habari kama hiyo.

Ning'iniza mpira wa tenisi kwa kamba usawa wa goti. Uusukume ubembee, kisha uuchome kutoka juu huku unavuta mguu. Kila siku, hata hapo dukani kwa mjomba pakiwa hakuna mteja.

Kuhusu kugonga nawe: ukianza kushuka chini, wewe ndiye utakuwa na mkono mfupi, na yeye ndiye atakayekuchoma begani. Sikatai kwa sababu ya dini. Nakataa kwa sababu ni epe mbaya.

MamaRefa_Jinja

Mlinzi umesema vyema, ila mimi nitakataa na kwa sababu ya dini pia.

Binti, kuna mtu aliitwa Boris Onishchenko, Msovieti, mchezaji wa pentathloni ya kisasa, ule mchezo wenye epe, kuogelea, kukimbia, kulenga shabaha na, hadi 2024, farasi. Hakuwa mchovu. Michezo ya Munich 1972 alipata fedha peke yake na dhahabu na timu. Miaka minne baadaye, Montreal 1976, anacheza na Muingereza Jim Fox. Taa ikawaka wakati Fox ana hakika kabisa upanga haujamfikia. Fox akalalamika, upanga ukachukuliwa ukafunguliwa. Ndani ya mpini mlikuwa na swichi iliyofichwa, anaibonyeza mwenyewe taa inawaka. Akafukuzwa, timu yake ikatoka, na dhahabu ya timu ikaenda kwa hao hao Waingereza.

Huyo mtu alijua epe kuliko wengi wa kizazi chake. Leo ukimtaja popote, hakuna anayekumbuka Munich.

Na tofauti ya swichi yake na saruji ya huyo binti mwenzako ni ndogo sana kwangu. Zote mbili ni kuwasha taa bila kumgusa mtu. Ukifanya nawe, siku nikikuona nitakupa unachostahili, na sitajali nani alianza.

Sasa la mkono. Miaka yote kanuni ilikuwa kali: ukikataa kumpa mkono mpinzani baada ya pambano, kadi nyeusi, unatoka mashindanoni. Mwaka 2023, mashindano ya dunia Milan, Olga Kharlan wa Ukraini alimshinda Anna Smirnova wa Urusi akakataa kumpa mkono kwa sababu ya vita. Alimnyooshea upanga waguse vyuma tu. Yule mwingine akabaki amesimama pistini muda mrefu akidai mkono, na Kharlan akaondolewa. Kelele zikapigwa dunia nzima, Kamati ya Olimpiki ikamhakikishia nafasi ya Paris, na shirikisho la kimataifa likalilegeza sharti la mkono. Paris 2024 alichukua shaba yake mwenyewe na dhahabu ya timu kwenye sebri, upanga mwingine wa fensingi.

Nimekusimulia ili ujue uzito wake. Mwenzio nchi yake ilikuwa inapigwa mabomu. Wewe ugomvi wako ni wa kidole cha mguu. Salamu ya upanga ni lazima kila mahali, kwa mpinzani, kwa refa, kwa watazamaji. Na mkono, kama mashindano yenu bado yanautaka, mpe. Mpe haraka, mwangalie machoni, ondoka. Hujamwambia kwamba alicheza vizuri. Umemwambia pambano limekwisha.

BintiWaBombo

Mama umenipiga hapo kwa kidole cha mguu, nimecheka peke yangu dukani.

Nimeelewa. Ila niseme jambo moja: ukiwa upande wa kuibiwa, maneno "wewe cheza vizuri tu" yanachosha. Nimeyasikia kwa kocha, nimeyasikia kwa shangazi. Haya ya kwenu ni tofauti kwa sababu yana cha kufanya.

Swali dogo: je, kama refa akitoa pointi ya sakafu kwenye 14-14, imebaki pointi moja ya ushindi, naweza kukaa pistini nikakataa kutoka? Niliona picha ya Mkorea mmoja amekaa analia.

Mlinzi_wa_Busia

Huyo ni Shin A-lam, London 2012, nusu fainali dhidi ya Mjerumani Britta Heidemann. Yeye hakuibiwa na mpinzani. Saa ilibaki kwenye sekunde moja, ikaanzishwa tena na tena bila kuisha, hadi Heidemann akampata. Alikaa pale karibu saa nzima kwa sababu rufaa ilikuwa inasikilizwa, na ukishuka pistini ni kama umekubali matokeo. Rufaa ilikataliwa. Akakosa shaba pia, ila siku chache baadaye alipata fedha na timu yake.

Wewe utakaa kwa rufaa gani? Mama ameshakwambia jambo la macho ya refa halina rufaa. Utakaa tu kwenye saruji baridi.

Na 14-14 zikiwaka taa mbili hakuna anayepata, mnaendelea. Kwa hiyo hapo usitafute mguso wa pamoja. Mngoje ashuke. Atashuka tu, ndiyo tabia yake akiwa na hofu.

Kama unataka mtu wa kumtazama, mtafute Alexandra Ndolo. Alichukua fedha ya dunia ya epe Cairo 2022 akiichezea Ujerumani, kisha akahamia Kenya, nchi ya baba yake, na Paris 2024 alikuwa na bendera ya Kenya. Tazama mkono wake ulivyo mtulivu.

Kawempe_Original

Haya, nami nimejifunza. Ila bado nasema ungemkanyaga.

BintiWaBombo

Nimeongea na kocha. Shiti sita amesema hapana, klabu haina pesa hiyo. Amekubali mbili kwanza, na mjomba atatoa shaba. Fundi, mbili zitasaidia chochote, au ni kupoteza?

FundiKatwe

Zitasaidia. Zipange katikati kabisa ya pisti, urefu juu ya urefu, unapata karibu mita 4.9. Niambieni nyinyi wachezaji, mnaanzia umbali gani?

Mlinzi_wa_Busia

Kila mmoja mita mbili kutoka katikati. Yaani mita nne kati ya mistari yetu. Safi sana, mistari yote miwili inaingia ndani ya chuma.

Binti, umeona hiyo inamaanisha nini? Pigania katikati. Akikusukuma ukatoka kwenye mabati umerudi kwenye saruji yake. Akija na miguu, vuta mguu mmoja tu, usikimbie.

MamaRefa_Jinja

Na watangazieni klabu zote mapema kwamba kutakuwa na chuma katikati, na kingo zifungwe kwa utepe wa gundi pande zote. Sitaki kusikia mtu amejikwaa ikawa kesi nyingine.

FundiKatwe

Sawa Mama. Binti, leteni mashine pamoja na shiti, msije na shiti peke yake. Nataka kuona tundu la ardhi liko wapi, kuna mashine za zamani limeziba kutu. Uje na upanga mmoja mzima. Tutachoma kila shiti katikati na kwenye kona zote nne. Taa ikiwaka hata kona moja, hapo kiungo hakijashika, tunarudia. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijafika kwenye banda langu, maana baada ya hapo chuma hakishikiki.